Sadaka ya siri na fedha ya siri si kitu kimoja

Jumapili hii tutafakari jambo ambalo kwa kawaida tunawaachia wanasiasa na wahasibu: nani anatoa fedha kwa ajili ya siasa, na je, wananchi wana haki ya kumjua? Masomo yanayotuongoza ni Mathayo 6:1-4, 2 Wakorintho 8:16-21 na 2 Wafalme 12:4-15. Ni vyema ukayasoma mwenyewe leo jioni pamoja na familia yako.

Tutaanzia mbali kidogo, nchini Marekani. Huko sheria ya jambo hili imeandikwa kwa kina, na wamebishana juu yake kwa zaidi ya miaka 25. Baadaye tutarudi nyumbani, maana swali hilo hilo linaingia kanisani kwetu kila panapokuwa na harambee na mgeni rasmi.

Vikundi visivyotozwa kodi

Katika sheria ya kodi ya Marekani kuna kifungu cha 527, kilichowekwa mwaka 1975. Kinahusu vikundi vinavyoundwa kukusanya na kutumia fedha ili kusaidia watu wapate uongozi wa umma au washindwe kuupata. Kifungu hicho kinasema michango ambayo kikundi cha namna hiyo inapokea kwa kazi ya siasa haitozwi kodi. Ada za wanachama, mapato ya chakula cha jioni cha kuchangisha, hata mapato ya mauzo ya vifaa vya kampeni, yote yanasamehewa. Kikiweka fedha benki na kupata riba, riba hiyo ndiyo inayotozwa kodi.

Msamaha huo una sababu yake. Fedha inayochangwa kwa siasa si mshahara wala faida ya biashara. Watu wamekusanya nguvu zao ili sauti yao isikike, na serikali imeona si vyema kuwakata kodi kwa kufanya hivyo. Hapo hakuna ubaya.

Ubaya ulijitokeza pale msamaha wa kodi ulipokaa pamoja na ukimya. Kwa miaka mingi, kikundi kilichojiepusha kusema waziwazi “mchagueni fulani” au “msimchague fulani” kiliweza kukwepa kutoa hesabu kwa Tume ya Uchaguzi ya nchi hiyo. Wakati huo huo mamlaka ya kodi, inayoitwa IRS, haikuwa na kazi ya kuwatangazia wananchi nani amechangia. Kikundi kikabaki katikati, hakilipi kodi wala hakijulikani.

Tangazo lisilo na mwenyewe

Machi 2000, siku chache kabla ya kura za mchujo za chama cha Republican, matangazo ya televisheni yalianza kurushwa katika majimbo ya California, New York na Ohio. Yalimshambulia Seneta John McCain kuhusu mazingira na kumsifu mpinzani wake, Gavana George W. Bush wa Texas. Chini yake liliandikwa jina la kikundi: Republicans for Clean Air, yaani Warepublican wanaotaka hewa safi.

Nani angekataa hewa safi? Lakini kikundi hicho hakikuwa umati wa watu waliochoshwa na moshi. Waandishi wa habari walipofuatilia, iligundulika kwamba fedha, takriban dola milioni 2.5, zilitoka kwa ndugu wawili matajiri wa Texas, Sam na Charles Wyly, waliokuwa wakimuunga mkono Bush. Mpiga kura aliyekaa sebuleni kwake hakuwa na namna ya kulijua hilo kutokana na tangazo lenyewe. McCain alijiondoa kwenye mbio siku mbili baada ya kura za tarehe 7 Machi.

Kisa hicho kiliwashtua wengi, na Bunge likachukua hatua kwa kura za vyama vyote viwili. Tarehe 1 Julai 2000 Rais Bill Clinton alisaini sheria mpya. Tangu hapo, kikundi cha kifungu cha 527 kinapoanzishwa kinatakiwa kujiandikisha IRS ndani ya saa 24, kikitaja viongozi wake, anwani yake na lengo lake. Kisha kwa vipindi vilivyowekwa kinatoa taarifa ya fedha: kila aliyechangia dola 200 au zaidi kwa mwaka anatajwa jina, na kila aliyelipwa dola 500 au zaidi anatajwa pia. Taarifa hizo zinawekwa mahali ambapo raia yeyote anaweza kuzisoma. Kikundi kinachoficha kinaadhibiwa kwa fedha, kwa kiwango cha juu cha kodi ya makampuni juu ya kiasi kilichofichwa.

Kwa maneno mengine, serikali ilisema hivi: kama unataka msamaha wa kodi ili ushawishi nani atutawale, basi tuambie wewe ni nani. Ni sharti ambalo hata mzee wa kanisa asiyejua sheria angeliona ni la haki.

Je, vikundi vidogo?

Hapa ndipo mjadala unapokuwa mgumu. Sheria hiyo imewaachia wadogo. Kikundi kinachotarajia kwamba mapato yake yatakuwa chini ya dola 25,000 kila mwaka hakitakiwi kujiandikisha IRS wala kutoa taarifa hizo. Kwa hesabu ya kwetu hizo ni takriban shilingi milioni 60 au zaidi. Mwaka 2002 sheria ilirekebishwa tena ili kuvipunguzia mzigo vikundi vya majimbo na vya mitaa ambavyo tayari vinatoa hesabu kwa mamlaka za majimbo yao.

Wanaoutetea msamaha huu wana hoja nzuri. Fikiria kina mama kumi wa kijijini wanaochanga ili kumsaidia jirani yao agombee nafasi kwenye bodi ya shule. Hawana mhasibu wala wakili. Ukiwawekea fomu za kurasa nyingi na tishio la faini, wataacha. Watakaobaki ni wenye uwezo wa kulipa mawakili, yaani wale wale wakubwa tuliotaka kuwamulika. Sheria ya uwazi ikiwa nzito kupita kiasi inawafungia maskini mlango wa siasa.

Wanaoupinga nao wana hoja nzuri. Ukubwa wa fedha hupimwa kwa mahali inapotumika. Dola 25,000 ni tone katika uchaguzi wa rais, lakini katika uchaguzi wa diwani wa mji mdogo ni mafuriko. Tena, mtu mwenye fedha nyingi na nia mbaya anaweza kujaribu kuzigawa kwenye vikundi vingi vidogo, kila kimoja kikiwa chini kidogo ya mstari. Juu ya karatasi utaona vidogo kumi, lakini mkono ni mmoja.

Neno la Mungu linasema nini juu ya udogo? Katika Luka 16:10 Bwana wetu anatufundisha kwamba uaminifu wa mtu katika lililo dogo ndio unaoonyesha atakavyokuwa katika lililo kubwa. Hasemi kwamba jambo dogo halihitaji uaminifu. Anasema ndiko uaminifu unakopimwa.

Lakini tusome pia 2 Wafalme 12. Mfalme Yoashi aligundua kwamba miaka 23 ya utawala wake imepita na nyumba ya Bwana haijatengenezwa, ingawa fedha zilikuwa zikitolewa. Ndipo kuhani Yehoyada akachukua sanduku, akatoboa tundu kwenye kifuniko chake, akaliweka kando ya madhabahu. Fedha zilipokuwa nyingi, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walikuja wote wawili, wakazihesabu na kuzifunga mifukoni. Kisha zikakabidhiwa kwa wasimamizi wa kazi, nao wakawalipa maseremala, waashi na wakata mawe. Na mwishoni tunaambiwa kwamba wasimamizi hao hawakudaiwa hesabu, kwa sababu walitenda kwa uaminifu.

Wengine huushika mstari huo wa mwisho na kusema: mnaona, waaminifu hawadaiwi hesabu! Lakini angalia utaratibu ulivyokuwa kabla ya hapo. Sanduku liliwekwa mahali pa wazi. Kuhesabu kulifanywa na watu wawili wa ofisi mbili tofauti, mmoja wa mfalme na mmoja wa hekalu. Wasimamizi walijulikana, na kazi yao ilionekana kwa macho, kwa sababu ukuta uliojengwa unaweza kuugusa. Waliondolewa mzigo wa kudaiwa kila senti, lakini hawakuondolewa kwenye macho ya watu.

Tunadhani hapo ndipo ilipo hekima. Aliye mdogo apunguziwe karatasi, asipunguziwe ukweli. Kina mama kumi wasidaiwe taarifa ya kurasa ishirini, lakini jina la kikundi, majina ya viongozi wake na asili ya mchango mkubwa kuliko yote ni mambo yanayoweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Kikundi kinachoshindwa kujaza ukurasa mmoja hatuwezi kusema tatizo lake ni uchache wa karatasi.

Mkono wa kushoto na mkono wa kuume

Mkristo atauliza: mbona Bwana Yesu alitufundisha kutoa kwa siri, hata mkono wa kushoto usijue unachofanya mkono wa kuume? Je, anayeficha mchango wake wa siasa si anatii Mathayo 6?

Swali hili ni zito na hatuwezi kulipita. Tusome vizuri. Katika Mathayo 6 Yesu anazungumzia sadaka kwa maskini. Anayeipokea hana cha kurudisha. Anayetoa anajaribiwa na kitu kimoja, sifa za watu, na Yesu anamwambia aifunge njia hiyo. Siri hapo inamlinda maskini asiaibishwe, na inamlinda mtoaji asijivune. Thawabu yake inabaki kwa Baba peke yake.

Fedha ya siasa ina mwendo mwingine. Anayeipokea leo kesho anaweza kuwa na mamlaka ya kutoa zabuni, kugawa ardhi, kuteua watumishi na kupanga kodi. Anacho cha kurudisha. Ukitoa kwa siri kwa asiye na kitu, thawabu yako iko mbinguni. Ukitoa kwa siri kwa anayekwenda kutawala, thawabu yako inaweza kuja kwa siri pia, tena hapa hapa duniani, na wanaoilipa ni watu wengine. Siri ya kwanza inamficha mtoaji ili maskini apone. Siri ya pili inamficha mtoaji huku mwananchi akilipa gharama. Tusizichanganye.

Tukumbuke pia Matendo 8. Simoni alipowaletea mitume fedha ili apewe uwezo wa kuwawekea watu mikono, Petro hakuuliza kiasi. Alitazama fedha ilikuwa inanunua nini, akaikataa papo hapo, mbele ya watu.

Pale siri inapokuwa kinga

Hata hivyo tusiwe wepesi wa kusema kila jina litangazwe. Historia ya Marekani yenyewe inatuonya. Katika miaka ya 1950, jimbo la Alabama lilitaka chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, NAACP, kikabidhi orodha ya wanachama wake. Kilipokataa, mahakama ya jimbo ilikitoza faini ya dola 100,000. Kila mtu alielewa orodha hiyo ingefanya nini mikononi mwa wabaguzi: watu wangefukuzwa kazi, wangepigwa, wangechomewa nyumba. Wengi wa wanachama hao walikuwa waumini, na mikutano mingi ya mapambano yale ilifanyika makanisani. Mwaka 1958 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba jimbo halikuwa na haki ya kudai majina yale.

Mwaka 1982 mahakama hiyo hiyo iliamua katika kesi kutoka Ohio kwamba chama kidogo cha kisoshalisti, ambacho wafuasi wake walikuwa wakisumbuliwa, kisilazimishwe kutaja wachangiaji wake.

Kwa hiyo tunayo mizani. Uwazi umewekwa ili mnyonge amwone mwenye nguvu. Ukigeuzwa kuwa tochi ya mwenye nguvu kumsaka mnyonge, umepoteza kazi yake. Anayetaka sheria ya kuweka hesabu wazi aulize kwanza: orodha hii itakaa kwa nani, na nani ataogopa akisomwa jina lake? Kama anayeogopa ni tajiri anayenunua upendeleo, isomwe. Kama anayeogopa ni fundi cherehani ambaye atanyang'anywa kibanda kwa kuchangia chama kisichopendwa, basi kuwe na kinga.

Mwanga ukisogea, kivuli nacho husogea

Sheria ya mwaka 2000 ilifunga mlango mmoja, fedha ikatafuta mwingine. Baada ya Mahakama Kuu kuamua Januari 2010, katika kesi ya Citizens United, kwamba makampuni na vyama vya wafanyakazi vinaweza kutumia fedha bila kikomo katika matangazo ya uchaguzi yasiyoratibiwa na mgombea, fedha nyingi zilielekea kwenye vikundi vya aina nyingine vinavyojiita vya ustawi wa jamii. Hivyo navyo havilipi kodi, ila havilazimiki kuwatangazia wananchi majina ya wachangiaji. Tangu mwaka 2020 havitakiwi hata kuyapeleka majina hayo kwa IRS katika taarifa zao za kila mwaka.

Hapa kuna somo la kiroho. Sheria inaweza kulazimisha fomu ijazwe, haiwezi kuumba moyo unaopenda mwanga. Ndiyo maana kanisa lina kazi ambayo bunge haliwezi kuifanya.

Turudi nyumbani

Sisi Watanzania si wageni wa jambo hili. Wengi tunakumbuka neno “takrima”. Marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yaliruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa jina la ukarimu wa jadi. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilivifuta vifungu hivyo, kwa kuwa vilimpa mwenye fedha nafasi ambayo maskini hakuwa nayo. Mwaka 2010 tukapata Sheria ya Gharama za Uchaguzi, inayowataka wagombea na vyama kueleza fedha zao zimetoka wapi na zimetumikaje.

Majirani zetu Kenya walitunga sheria ya fedha za kampeni mwaka 2013, lakini viwango vya matumizi vilivyotangazwa na tume ya uchaguzi mwaka 2021 vilikataliwa na Bunge. Hata hivyo kanisa lilionyesha njia. Jumapili ya tarehe 17 Novemba 2024 Rais William Ruto alitoa mamilioni ya shilingi katika Kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi. Siku iliyofuata Askofu Mkuu Philip Anyolo alitangaza kwamba fedha hizo zitarudishwa. Mtu anaweza kukubaliana naye au asikubaliane, lakini waumini walijua kiasi, walijua mtoaji, na walijua msimamo wa mchungaji wao.

Sasa tujiulize sisi. Katika parokia na usharika wetu, fedha za harambee zinasomwa mbele ya watu? Mgeni rasmi anayeleta bahasha nene miezi michache kabla ya uchaguzi, tunamuuliza chochote? Kwaya inayopewa spika na mgombea, inajua imeimba kwa ajili ya nani? Na kikundi chetu kidogo cha vijana au cha kina mama, kinachosema “sisi ni wadogo, hesabu zetu tunajuana wenyewe”, kina daftari?

Mtume Paulo alikuwa na kila sababu ya kusema “niaminini”. Lakini katika 2 Wakorintho 8, alipokuwa akikusanya mchango kwa watakatifu wa Yerusalemu, hakubeba fedha peke yake. Aliongozana na Tito na ndugu mwingine aliyechaguliwa na makanisa yenyewe, ili asiwepo wa kumlaumu. Anaeleza kwamba anaangalia yaliyo mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Haikumtosha kwamba Mungu anajua.

Basi wiki hii tufanye mambo matatu madogo. Kila kikundi chetu kiwe na watu wawili wanaohesabu fedha, wasiwe wa nyumba moja. Kila mchango wa mwanasiasa uandikwe na kusomwa kama wa mjane, bila shangwe ya ziada. Na kila tunapoombwa kuchangia kampeni, tuulize nani mwingine amechangia. Asiyetaka kujibu swali hilo akiwa anaomba, hatalijibu akishatawala.

Ee Bwana, unayeyaona yaliyo sirini, tupe ukarimu usiotafuta sifa, na utupe uaminifu usioogopa kuhesabiwa. Amina.

Jumapili njema.